Namna ya kuisoma barua ya mwajiri wa zamani

Mtu anayeomba kazi hapa Lubumbashi, nchini Kongo, huleta bahasha yenye barua ya maombi, maelezo ya maisha yake, nakala za diploma na, karibu kila mara, barua moja au mbili kutoka kwa waajiri aliowahi kuwatumikia. Diploma inaweza kuthibitishwa shuleni, na barua ya maombi ameiandika mwenyewe, hivyo kila msomaji anajua aitazame kwa jicho gani. Barua ya mwajiri wa zamani ndiyo inayosomwa vibaya kuliko karatasi zote za bahasha hiyo, kwa sababu wengi wetu huitafuta ndani yake sifa, na tukiikuta sifa tunatosheka. Mimi napokea bahasha hizo katika karakana inayotengeneza pampu na jenereta kwa ajili ya migodi, na nimeshiriki katika uteuzi wa watu wengi wa mikono na wa ofisini. Nimefikia kuamini kwamba swali la kuiuliza barua ni lingine kabisa: mtu huyu alikabidhiwa nini, na je, aliyeandika alimwona kwa macho yake akikitunza?

Kabla ya kufika huko, inafaa tutenganishe karatasi mbili ambazo watu huzichanganya. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri, mkataba unapokwisha, ampe mfanyakazi cheti kinachotaja aina ya kazi aliyoifanya, muda alioifanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, pamoja na namba yake ya usajili katika hifadhi ya jamii. Cheti hicho kinapaswa kutolewa ndani ya siku mbili za kazi tangu mkataba ulipokwisha, na sheria inasema wazi kwamba jambo lingine lolote lisiongezwe humo. Ubelgiji nako, sheria ya mikataba ya kazi ya tarehe 3 Julai 1978 inaweka mpaka unaofanana na huo, ila mfanyakazi mwenyewe anaweza kuomba mengine yaandikwe. Makusudi yake yanaeleweka: neno baya lililoandikwa na mwajiri mwenye hasira lingemfuata mfanyakazi kutoka mlango hadi mlango, na mfanyakazi asingekuwa na pa kulijibia.

Karatasi ya pili ni barua ya mapendekezo yenyewe. Hiyo hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kuitoa. Ni hiari yake, na anaweza kuandika humo anachotaka au kukataa kabisa. Nimewasikia wenzangu wakikisukuma pembeni cheti cha kazi cha mtu kwa kusema kwamba “hakisemi kitu”. Kinasema kila kilichoruhusiwa kusema. Mwombaji aliyeleta cheti kitupu, chenye tarehe na cheo basi, hajaleta dalili mbaya. Ameleta hati iliyoandikwa kama sheria inavyotaka, na pengine mwajiri wake alikuwa mwangalifu kuliko wale wanaojaza kurasa.

Sasa niseme juu ya barua mbili tulizozipokea kwa nafasi moja ya mtunza ghala, maana zilinifundisha mengi kuhusu tofauti ninayoitetea. Ya kwanza ilijaa ukurasa mzima, ikapigwa chapa vizuri, na muhuri wake ulikuwa wa duara usio na doa. Ilisema kwamba mwombaji ni mwadilifu, mchapakazi, mwenye heshima kwa wakubwa na wadogo, anayefika kwa wakati na anayeshirikiana na wenzake, kisha ikamalizia kwamba ametoka katika kampuni akiwa hafungwi na ahadi yoyote, maneno ambayo hufunga karibu kila barua ya aina hii hapa kwetu. Niliisoma mara ya pili nikiliondoa jina la mwombaji na kuliweka jina la mtu mwingine yeyote wa karakana yetu, hata la mlinzi wa usiku, yaani zamu wetu, na barua ikabaki kuwa sahihi vilevile. Hakukuwa na ghala ndani yake, wala daftari, wala mali.

Ya pili iliandikwa kwa mkono, na mzee aliyekuwa na depo ya mafuta na vipuri kwenye barabara ya Likasi kabla ya kustaafu. Haikuzidi mistari kumi. Alisema kwamba kijana huyo alishika funguo za ghala kuanzia Februari 2014 hadi Novemba 2018. Kwamba kila mwisho wa mwezi walihesabu pamoja, mmoja akisoma daftari na mwingine akigusa mali kwa mkono. Kwamba mara moja lilikosekana pipa moja la mafuta ya injini, na kijana ndiye aliyemjulisha asubuhi, kabla yeye mwenyewe hajafungua daftari. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kijana hapendi kompyuta na atahitaji kufundishwa. Barua hiyo haikulitumia neno “mwaminifu” hata mara moja, na bado sijasoma barua nyingine iliyonionyesha uaminifu wa mtu waziwazi kiasi hicho. Kilichokabidhiwa kinatajwa, namna ya kukikagua inatajwa, siku ambayo mambo yaliharibika inatajwa, na upungufu wa kweli wa mtu unatajwa pia, jambo linalonifanya niyasadiki hata yale mazuri.

Ndiyo maana ninapoisoma barua natafuta kwanza vitu: funguo, sanduku la fedha, gari, mashine yenye bei, watu waliowekwa chini ya mkono wake, saini aliyoruhusiwa kuitia kwa niaba ya mkubwa. Mwajiri anaweza kumsifu mtu ambaye hajawahi kumwamini, lakini ni vigumu aandike kwamba alimwachia funguo za ghala kwa zaidi ya miaka minne ikiwa hakufanya hivyo, kwa kuwa jambo hilo linaweza kuulizwa na kujibiwa. Kisha natazama kama wajibu ulikua. Mtu aliyeingia kama msaidizi wa fundi na kutoka akiwa msimamizi wa zamu ya usiku amepewa sifa na mwajiri wake kwa vitendo, hata kama barua imeandikwa kwa lugha kavu. Aliyekaa miaka kumi katika cheo kilekile si lazima awe dhaifu, kwani kampuni nyingi hapa hazina ngazi za kupanda, lakini namuuliza.

Lugha kavu inanipa nafasi ya kusema jambo moja kuhusu waandishi. Katika jiji hili waajiri ni Wakongomani, Wachina, Wahindi, Walebanoni, Wagiriki na wengine, na barua zote zinaandikwa kwa Kifaransa ambacho kwa wengi wao si lugha ya kuzaliwa. Barua ya mistari miwili yenye makosa ya sarufi kutoka kwa meneja wa tanuru la shaba haina maana kwamba alimdharau mfanyakazi. Huenda aliyapa maneno hayo machache uzito wote aliokuwa nao. Vilevile, ukurasa mtamu unaweza kuwa kazi ya karani mmoja hodari anayebadilisha jina na tarehe tu. Ujerumani sheria inampa mfanyakazi haki ya kudai hati inayoeleza utendaji na mwenendo wake, na kwa kuwa hati hiyo inapaswa kuwa ya kweli na wakati huohuo isimfungie njia, waajiri wa huko wamezoea kupima kwa maneno: aliyetimiza kazi “daima, kwa kuturidhisha kikamilifu kabisa” amepata alama ya juu, na neno moja likiondolewa alama inashuka. Msomaji wa Kijerumani ana haki ya kulitilia shaka neno lililokosekana. Sisi hatuna mapatano ya namna hiyo kati ya waandishi na wasomaji, na ninawasihi wenzangu wasiwahukumu watu kwa kukosekana kwa neno ambalo mwandishi hakuwahi kulifikiria.

Kuna pia suala la barua za kughushi, nalo ni zito kwa sababu muhuri wa kuchonga haugharimu fedha nyingi na kila mtaa una mtu wa kupiga chapa. Badala ya kuukodolea macho muhuri, soma kichwa cha barua na mstari mdogo ulio chini kabisa, kisha ulinganishe na tarehe. Kampuni za hapa huandika namba ya RCCM (daftari la usajili wa biashara), namba ya utambulisho wa kitaifa na ile ya kodi. RCCM imekuja na sheria za biashara za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambazo zilianza kutumika nchini mwetu tarehe 12 Septemba 2012. Kabla ya hapo kampuni ziliandika namba ya NRC, daftari la biashara la zamani. Barua yenye tarehe ya mwaka 2009 inayobeba namba ya RCCM haikuandikwa mwaka 2009. Mkoa wa Haut-Katanga ulianza kufanya kazi kama mkoa mwaka 2015, mkoa wa Katanga ulipogawanywa, kwa hiyo barua ya mwaka 2012 yenye kichwa kinachoutaja mkoa huo inapaswa kuelezwa. Hali ni hiyohiyo kwa hifadhi ya jamii, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kama INSS na imechukua jina la CNSS baada ya sheria ya Julai 2016.

Hata hivyo tuwe waangalifu, maana mtu asiye na hatia anaweza kuumizwa na ujuzi huu mdogo. Mfanyakazi aliyepoteza karatasi zake kwa mvua au kwa kuhama anaweza kurudi kwa mwajiri wake na kupewa barua mpya, na karani akaiwekea tarehe ya zamani kwa kudhani anamsaidia. Namba ya RCCM hubeba mwaka wa usajili ndani yake, lakini kampuni kongwe zilisajiliwa upya baada ya OHADA kuingia, kwa hiyo namba yenye 14 haithibitishi kwamba kampuni ilizaliwa mwaka 2014. Ukiona tarehe zisizopatana, mwite mwombaji na umuulize. Mtu wa kweli kwa kawaida anaieleza historia ya karatasi yake pamoja na jina la karani na siku aliyoifuata.

Baada ya tarehe, natazama aliyetia sahihi. Barua ya mkurugenzi wa wafanyakazi wa kampuni kubwa ya Kolwezi ina kichwa kizuri, lakini mkurugenzi huyo huenda hakumwona fundi hata siku moja. Msimamizi wake wa karakana, ambaye sahihi yake haina cheo cha kuvutia, alimwona kila asubuhi. Barua ya mchungaji au ya mkubwa wa chama cha watu wa eneo moja tunaipokea kwa heshima, ila tunaiweka mahali pake, kwa kuwa inatueleza mtu anavyoishi na majirani, wala haituelezi anavyofunga pampu. Na mwandishi akiwa na jina la ukoo sawa na la mwombaji, au akitoka familia moja naye, siitupi barua, bali natafuta shahidi wa pili. Kwa watu wa migodi kuna jambo la kuongeza: wengi walifanya kazi ndani ya uzio wa mgodi mkubwa huku mkataba wao ukiwa na kampuni ndogo iliyopewa sehemu ya kazi. Mwombaji akisema “nilikuwa Fungurume”, yaani kwenye mgodi mkubwa wa huko, na barua yake ikatoka kwa kampuni ambayo hakuna aliyeisikia, hajasema uongo.

Kisha simu. Barua ambayo hakuna aliyempigia mwandishi wake haijapimwa bado. Naitafuta namba ya kampuni kwa njia yangu, siitumii ile iliyoandikwa kwenye barua peke yake, na simuulizi mtu kama mwombaji ni mzuri, kwa sababu atajibu ndiyo kwa adabu. Namuuliza ulimkabidhi nini, nani alimkagua, aliondoka kwa sababu gani, na kama nafasi ingefunguliwa leo kwako ungemchukua tena. Swali hili la mwisho ndilo linaloleta kunyamaza, na kunyamaza huko nakungoja bila kukujaza kwa maneno yangu. Shefu mmoja wa zamani, aliyekuwa ameandika barua nzuri sana kwa fundi wa umeme, alinyamaza kidogo kisha akaniambia: “Anatumikaka muzuri, baba. Ila kesho yake ya mushahara, musimungojee.” Hilo lisingeandikwa katika barua yoyote, na lilikuwa na manufaa kwangu kuliko ukurasa wote.

Wanaodhani kwamba barua nzuri inatosha kuamua, au kwamba barua mbaya inatosha kukataa, wanaipa uzito usio wake. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya miaka 85 ya uchunguzi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Katika kipimo kinachoanzia sifuri hadi moja, kuwauliza waajiri wa zamani kulipata 0.26 katika kubashiri utendaji wa mtu, wakati kumpa mwombaji sehemu ya kazi yenyewe aifanye kulipata 0.54. Uchambuzi wa mwaka 2022 ulizishusha namba kadhaa za kazi hiyo, ikiwemo ya majaribio ya kazi, lakini mimi sihitaji namba kubwa ili kumpa fundi pampu iliyokwama na kumtazama anaanzia wapi. Barua inanisaidia kujua nimuulize nini na nimpe jaribio gani.

Nimebakiza wasio na barua, na hao ndio wanaonisumbua moyo zaidi. Historia ya jiji hili imejaa waajiri waliotoweka. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, waliondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na wengi wao walikuwa na ujuzi ambao karatasi yao ya kuondoka haikuueleza. Mwishoni mwa 2008, bei ya shaba ilipoanguka, kampuni nyingi za kuyeyusha madini zilifunga ghafla, wenye mali wakaondoka, na watu wakabaki barabarani bila malipo yao ya mwisho, sembuse barua. Fundi aliyekuwa kwenye tanuru hilo atampigia nani simu? Namba imekufa na lango limeota majani. Kumwambia alete mapendekezo ni kumdai kitu ambacho mwingine amekichukua akaenda nacho.

Wengine mwajiri wao yupo, ila ameigeuza barua kuwa kamba ya kuwafungia. Nimesikia kwa zaidi ya mtu mmoja kwamba aliambiwa barua itatolewa siku atakapoondoa shauri lake katika ofisi ya Ukaguzi wa Kazi kuhusu malipo ya mwisho. Mama mmoja, mhasibu, alinieleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alinyimwa barua kwa sababu alimkatalia mkubwa wake mambo yasiyohusu hesabu. Sikuwa na njia ya kuthibitisha habari yake, lakini sikuwa na haki pia ya kuuhesabia ukosefu wa barua dhidi yake. Tulimwomba alete hati zake za mshahara, ambazo zilionyesha cheo na miezi. Alitupa majina ya wenzake wawili waliofanya naye kazi na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akimletea ankara. Tukampa daftari la mwezi mmoja alisawazishe mbele yetu. Alipomaliza tulijua juu yake mengi kuliko tunayojua juu ya wengi wenye barua tatu.

Na likisikika neno baya, mwenye kulisikia ana wajibu wa kumfikishia mwombaji, bila kumtaja aliyelisema ikiwa aliomba hivyo, ili apate kulijibu. Kumkataa mtu kimyakimya kwa sababu ya simu moja ni kuirudisha ile hatari ambayo sheria ilitaka kuizuia ilipokataza mambo ya ziada kwenye cheti. Yule fundi wa umeme tulimwita. Alieleza kwamba kampuni ile ililipa fedha taslimu jioni, na kwamba kesho yake alikuwa akienda Kipushi kumpelekea mama yake na kulipa ada ya wadogo zake, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwamini na fedha hizo. Siku hizi anazituma kwa simu. Alikubali pia kwamba alipaswa kuomba ruhusa na hakuomba. Sheria inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita kwa mfanyakazi mwenye ujuzi, mradi kiandikwe. Tukamwandikia mitatu, na tukamwagiza msimamizi aandike mahudhurio ya siku inayofuata mshahara kwa karakana nzima, si kwake peke yake.